Maji ya Chumvi na Hadaa ya Jina

Wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hawakutuambia, hata hivyo, la kufanya iwapo jina la maji hayo limetuhadaa kabla hatujazivua.

Wakati wa likizo, dada yangu aliazimia kuwatoa wanawe hapa kwetu Ahero akawaogeleshe mjini Kisumu. Mmoja wao huwashwa macho kila atokapo kwenye bwawa lenye klorini. Mama mtu alifurahi mno alipoambiwa kuwa lipo bwawa la "maji ya chumvi", lisilotiwa dawa. Kwake yeye, na kwangu pia wakati huo, maji ya chumvi yalikuwa ni maji ya bahari.

Kumbe sivyo. Katika bwawa la namna hiyo chumvi huyeyushwa kiasi cha gramu 3 au 4 hivi kwa kila lita, takribani sehemu moja ya kumi ya chumvi ya bahari. Kisha maji hupitishwa kwenye mtambo wa umeme unaoigeuza chumvi hiyo kuwa klorini. Tofauti iliyopo ni kwamba klorini haimwagwi kutoka ndooni, bali huzalishwa papo hapo, kidogo kidogo. Wapo wasemao kuwa maji hayo ni laini zaidi kwa ngozi, nami sibishani nao. Lakini kudai kwamba hayana klorini ni kupotosha. Aidha, harufu kali na kuwashwa macho aghalabu hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Kujisafisha kabla ya kuingia bwawani hufaa kuliko kubadilisha bwawa.

Je, tuiache klorini kabisa? Ulaya yapo mabwawa yanayosafishwa kwa mimea na changarawe. Nasi Ahero tunao Mto Nyando na mifereji ya mradi wa umwagiliaji ulioanza mwaka 1969, ambamo watoto huoga bila malipo. Ila maji yaliyotulia yenye majani ndiyo makao ya konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa ambao vimelea vyake hupenya ngozi ya muogaji. Klorini ya kutosha huviua vimelea hivyo. Kwetu sisi, basi, "asilia" si kisawe cha "salama". Hata klorini nayo ina kikomo, kwani vipo vimelea vya kuharisha vinavyoweza kuishi siku kadhaa ndani yake. Ndiyo sababu mtoto anayeharisha hapaswi kuingizwa bwawani, liwe la aina gani.

Msomaji ataniuliza: haya yanamhusu nini mwanafunzi wa fasihi? Yanamhusu sana. Katika Kiswahili, kinyume cha maji ya chumvi ni maji baridi, wala si maji ya klorini. Atangazaye bwawa lake kwa jina hilo huazima taswira ya bahari, pamoja na upepo wake na sifa yake ya kuponya, akaibandika juu ya mtambo wa kuzalisha klorini. Hiyo ni balagha, na sisi ndio tuliofunzwa kuitambua. Tukiichambua katika tenzi tu na kuinyamazia mabangoni, elimu yetu itamfaa nani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa na huduma. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Napendekeza vyama vyetu vya Kiswahili vishirikiane na maafisa wa afya kuandaa maelezo mafupi ya kubandikwa kando ya kila bwawa: maji yametiwa dawa gani, kwa njia gani, na yalipimwa lini. Bwawa la chumvi liitwe "bwawa la klorini itokanayo na chumvi". Jina hilo ni refu, lakini ni la kweli.

Dada yangu hatimaye aliwapeleka wanawe kwenye bwawa la kawaida, baada ya kumuuliza msimamizi maji yalipimwa lini na kuwaogesha watoto kwanza. Hakuhitaji shahada ya kemia. Alihitaji kuelezwa ukweli kwa Kiswahili, na kazi hiyo ni yetu.