Mwaka wa nyongeza uwe fidia, usiwe zawadi

Natoa maoni yangu juu ya miaka ya kucheza mpira vyuoni. Swali ni hili: mwanachuo aliyemaliza miaka yake aongezewe mingine ili aendelee kuichezea timu ya chuo, au awapishe wenzake?

Jambo hili limefikishwa hata mahakamani huko Marekani. Kwa miaka mingi kanuni ya chama kinachosimamia michezo ya vyuo vyao, NCAA, ilikuwa kwamba mwanafunzi anacheza misimu minne, na misimu hiyo iishe ndani ya miaka mitano. Ulipoingia ugonjwa wa korona mwaka 2020, wachezaji wa msimu huo waliongezewa mwaka mmoja. Desemba 2024 mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Diego Pavia, alipata amri ya mahakama ya kumruhusu acheze tena mwaka 2025. Hoja yake ilikuwa kwamba misimu aliyocheza katika chuo kidogo cha miaka miwili isihesabiwe. Baada ya hapo NCAA iliwafungulia mlango na wengine waliokuwa katika hali kama yake.

Ndugu Mhariri, nyuma ya kesi hizo kuna fedha. Mchezaji wa chuo kule anaruhusiwa kulipwa na makampuni kwa jina lake tangu mwaka 2021, na tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kumlipa moja kwa moja. Mwaka mmoja zaidi chuoni waweza kumwingizia kijana fedha nyingi kuliko kazi ya kwanza atakayopata akimaliza. Lakini timu haina nafasi zisizo na mwisho. Mkubwa akibaki, kijana wa miaka 18 aliyetoka sekondari anakaa benchi, au hachukuliwi kabisa.

Hapa kwetu mwanachuo halipwi namna hiyo, lakini tatizo la nafasi ni lile lile. Nitoe mfano wa huku kusini. Kijana wa Mtua, hapa wilayani Nachingwea, akimaliza sekondari hana milango mingi ya kuonekana. Ni kweli jirani zetu wa Ruangwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Nachingwea hadi mwaka 1995, wametufungua macho. Namungo iliingia Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020, na msimu uliofuata ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Watoto wetu wameona kuwa mpira mkubwa unaweza kuchezwa hata huku. Lakini timu moja ya Ligi Kuu haiwezi kuwabeba vijana wa mkoa mzima. Wengine watacheza ndondo, na wale waliobahatika kwenda chuo watategemea timu ya chuo. Nafasi hiyo ikikaliwa na mtu yule yule mwaka hadi mwaka, tumewafungia vijana mlango mmoja kati ya michache waliyo nayo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mwenye kipaji aachwe acheze mpaka achoke. Chuo si klabu. Mtu anakwenda chuo cha ualimu ili atoke na cheti, aende kufundisha. Akiwa mchezaji mzuri, shule itakayompata itapata mwalimu na kocha pamoja, na watoto wengi watafaidika naye kuliko akibaki chuoni kutafuta vikombe. Tena wote tunalijua neno mamluki. Ni mtu ambaye jina lake limo katika orodha ya timu lakini darasani hajulikani. Tukilegeza miaka bila utaratibu tutakuwa tumempa mamluki kibali, naye hatahitaji tena kujificha.

Hata hivyo, wapo walionyang'anywa miaka yao bila kosa lao, nao wanastahili kusikilizwa.

Kwanza, wapo waliokosa mashindano kwa sababu hayakuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilisimamisha michezo ya mashindano mashuleni, na ikarudishwa miaka kadhaa baadaye. Wanafunzi wa kipindi hicho walimaliza shule bila kuionja UMISSETA. Halafu Machi 2020 shule na vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona, na mashindano ya mwaka huo hayakufanyika. Aliyekuwa mwaka wa mwisho alipoteza nafasi ambayo haikurudi.

Pili, wapo waliokatisha masomo na kurudi. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi katika shule za kawaida. Msichana huyo anarudi akiwa na umri mkubwa kuliko wenzake wa darasa. Tumemkubali darasani, haitakuwa haki kumwambia kwamba uwanjani hana nafasi.

Tatu, wapo walioumia au kuugua wakakaa nje msimu mzima.

Hawa wakiongezewa mwaka, wamerudishiwa kilicho chao. Dunia nzima imekwisha kufanya hivyo. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliposogezwa kutoka 2020 hadi 2021, FIFA iliwaruhusu wachezaji wa soka wa kiume waliokuwa wametimiza miaka 24, ingawa kikomo kilikuwa 23. Walirudishiwa mwaka mmoja waliopoteza, basi.

Lakini lazima tutenganishe mambo mawili. Mashindano ya ndani baina ya vyuo na vyuo, au shule na shule, yanaweza kuhesabu mwaka wa masomo. Mashindano ya vijana wa chini ya miaka 15 au 17 yanahesabu mwaka wa kuzaliwa, na hayo hayana nyongeza. Tusisahau kwamba mwaka 2005 timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 17 ilikuwa imefuzu kwenda fainali za Afrika nchini Gambia, ikaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Kundi zima la watoto waliotoa jasho lao lilibaki nyumbani kwa kosa la wakubwa. Njia ya mwongo ni fupi.

Napendekeza yafuatayo kwa wanaosimamia michezo ya vyuo, yaani vyuo vya ualimu, vyuo vya kati na vyuo vikuu:

1. Mwanachuo acheze kwa miaka ile ile ambayo kozi yake inachukua. Mwenye kozi ya miaka miwili acheze miwili, na mwenye kozi ya mitatu acheze mitatu.

2. Nyongeza isizidi mwaka mmoja, na itolewe tu kwa sababu tatu nilizozitaja. Aombaye alete barua ya daktari au ya mkuu wa chuo, na awe anahudhuria masomo.

3. Majina ya wachezaji yalinganishwe na daftari la mahudhurio na namba zao za mtihani wa kidato cha nne, siyo picha na kitambulisho tu. Kitambulisho hutengenezwa kwa siku moja, lakini mahudhurio ya mwaka mzima ni vigumu kuyaghushi.

4. Maombi yaamuliwe kabla ya mashindano kuanza, na majina ya waliokubaliwa yabandikwe hadharani kwenye vyuo vyote. Uamuzi unaotolewa usiku wa kuamkia fainali hauondoi manung'uniko hata ukiwa wa haki.

Utaratibu huu hauhitaji fedha nyingi wala wataalamu kutoka nje. Unahitaji daftari, muhuri na viongozi wasioogopa kumwambia mfungaji wao bora kwamba muda wake umekwisha. Wamarekani wamechelewa kukubaliana, sasa mahakimu ndio wanaowapangia nani acheze. Sisi bado tuna nafasi ya kukaa na kupanga wenyewe. Wahusika walifikirie jambo hili kabla ya msimu ujao.

Mpenda Michezo,
Mtua, Nachingwea.