Kabla ya kusugua kaburi, andika jina



Tarehe 1 mwezi wa nane inakaribia. Sote tunajua siku hiyo inavyokwenda: asubuhi ni ya wazazi waliolala, mchana ni ya wazazi walio hai. Tunabeba jembe, mpanga na maua, tunakwenda makaburini. Tukirudi, tunawapikia baba na mama waliobaki. Mwaka huu tena muungano wetu utafanya salongo upande wa makaburi ya zamani, kwa wale wasio na mtu wa kuwafyekea. Lakini kabla hatujakwenda, nina kosa la kuungama.

Mwaka jana tulikuta kaburi moja la simenti limezama ndani ya majani. Chini ya musalaba kulikuwa na herufi F.P., yaani Force Publique, jeshi la wakati wa Wabelgiji, halafu neno Saïo, halafu jina. Tulifurahi sana. Kumbe tuko na msoda wa zamani hapa, mmoja wa wale waliopigana na Waitaliano kule Ethiopia mpaka wakasalimu amri pale Saïo, mwezi wa saba 1941! Nikachukua brosi ya chuma, nikasugua kwa nguvu ili jina lionekane vizuri. Simenti ilikuwa imechoka. Ilitoka kama unga, na jina likatoka nayo. Hakuna aliyekuwa ameliandika, hakuna aliyekuwa amepiga picha. Kaburi likabaki safi, na mwenyewe hatumjui.

Mama mmoja wa likelemba yetu, mzaliwa wa Rutshuru, aliketi juu ya jiwe la volkano akasema polepole: «Huyu alikuwa na jina, na mumelifuta. Mimi jina la babu yangu ninalo, kaburi sina.»

Babu yake alichukuliwa mwaka 1916 kubeba mizigo ya vita. Hakurudi. Nyumbani walibaki na neno moja tu: Tabora.

Mwaka ule jeshi la Wabelgiji liliondoka huku kwetu Kivu, likaingia Rwanda na Burundi, likawafuata Wajerumani mpaka Tabora, ambako liliingia tarehe 19 mwezi wa tisa. Motokari hazikuwepo za kutosha, wala barabara. Risasi, chakula, vipande vya mizinga, vyote vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Wabebaji walikuwa zaidi ya 200,000. Wengi waliuawa si na risasi bali na njaa, kuhara na homa ya mapafu. Mkubwa wa jeshi, jenerali Tombeur, alipewa ubaroni na jina la mji juu yake: Tombeur de Tabora. Mbebaji hakuwekewa hata kijiti.

Waingereza nao hawakufanya vizuri zaidi. Mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita iliomba musamaha: watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile ya kwanza, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Mwezi wa sita 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja Kinshasa, alimvisha nishani kaporali Albert Kunyuku, mpiganaji wa vita ya pili ya dunia, akiwa na miaka 100. Ni vizuri. Lakini wenzake wengi wako chini ya udongo, na anayepita karibu nao akiwa na jembe mkononi ni mimi na wewe.

Basi, salongo ya mwaka huu itakwenda hivi. Kwanza, hatugusi kaburi kabla ya kuuliza mlinzi wa makaburi na jamaa kama wapo. Pili, vijana wapige picha ya kila maandishi, na mtu mmoja aandike herufi zote ndani ya daftari, hata zile zisizoeleweka. Tatu, tunaosha kwa maji na brosi laini. Brosi ya chuma na maji ya javel vibaki nyumbani, sababu vinakula simenti na jiwe. Nne, majani tunayakata, mizizi mikubwa hatuing'oi, isije ikapasua kaburi. Tano, hakuna kupaka simenti mpya wala rangi juu ya herufi. Na jioni, kila mmoja akae na mzee mmoja wa avenue yake amuulize: nani wa kwenu alikwenda vitani, nani alibeba mizigo, jina lake nani?

Yule mama wa Rutshuru ameomba kitu kimoja. Anataka kuweka jiwe la volkano pembeni ya kaburi lile nililoliharibu, lenye jina la babu yake. Mlinzi amekubali. Jiwe litabebwa na chukudu. Jina nimeliandika tayari ndani ya daftari, naye amenisahihisha herufi mbili.