UCHUMI WA NYUMBANI: Maneno Yanayokula Fedha za Tangazo



Si jambo geni kumwona mke wa askari, au askari aliyestaafu, akiwa na duka dogo, cherehani au vyumba vya kupangisha. Lililo jipya ni kwamba wengi wao sasa hutangaza biashara hizo katika intaneti, hususan kwa Google, ambayo ilianzisha mpango wake wa matangazo ya kujihudumia mwaka 2000. Juma hili tutazungumzia sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni uchaguzi wa maneno.

Kwanza yafaa tuelewe utaratibu wenyewe. Mwenye biashara huchagua maneno anayodhani kuwa mteja atayaandika katika simu yake atafutapo bidhaa. Mteja akiyaandika, tangazo laweza kutokea. Akilibonyeza, mwenye tangazo hutozwa fedha, anunue asinunue.

Tuchukue mfano wa mama ashonaye sare za shule mjini Jinja. Tuseme ametenga shilingi 20,000 kwa siku, na kila anayebonyeza humgharimu shilingi 500. Basi atapata watu 40. Iwapo 25 kati yao walikuwa wakitafuta mambo mengine, amepoteza shilingi 12,500 kwa siku moja. Kwa majuma mawili kabla ya shule kufunguliwa, hasara hiyo hufikia shilingi 175,000. Hizo ni fedha za vitambaa, au karo ya mtoto wake mwenyewe.

Aghalabu hasara ya namna hii hutokana na kutojua kwamba neno moja laweza kutumiwa kwa namna tatu.

Ya kwanza ni ulinganifu mpana. Neno likiandikwa bila alama yoyote, huhesabiwa kuwa la namna hii. Hapo tangazo la sare za shule laweza kumfikia hata mtu atafutaye viatu vya wanafunzi. Google huipendekeza namna hii iende sambamba na upangaji wa bei unaofanywa na mashine. Lakini mashine hiyo hujifunza kutokana na taarifa za mauzo inazopewa. Mama asiyeandikisha mauzo yake huko hana cha kuifundisha.

Ya pili ni ulinganifu wa kifungu, ambapo maneno hutiwa ndani ya alama za kunukuu. Hapana budi maana ya kifungu hicho iwemo katika alichoandika mteja, ingawa aweza kuongeza maneno yake, kwa mfano: bei ya sare za shule Jinja.

Ya tatu ni ulinganifu kamili, ambapo maneno hutiwa katika mabano ya mraba. Hii ndiyo finyu kuliko zote. Hata hivyo, jina lake lisitudanganye. Tangu mwaka 2018 Google hukubali pia maneno mengine yenye maana ile ile. Faida yake ni kuleta watu wanaohitaji bidhaa hasa. Upungufu wake ni kwamba watu hao huwa wachache.

Askari hodari hamimini risasi msituni kwa kusikia mchakacho. Hungoja aione shabaha. Vivyo hivyo, mwenye fedha kidogo na aanze na kifungu na ulinganifu kamili. Ulinganifu mpana aujaribu baadaye, akiwa na fedha za kujaribia na hesabu ya mauzo mkononi. Tena ayaandike maneno katika lugha ambayo wateja wake huitumia kutafutia, iwe Kiingereza, Kiluganda au Kiswahili.

Baada ya hapo aweke maneno ya kuzuia. Haya humwambia Google ni nani asiyetakiwa kuliona tangazo. Mshonaji wetu aweza kuzuia maneno kama "kazi", "mitumba" na "bure". Lakini yafaa ieleweke kwamba maneno ya kuzuia hayatanuki kama yale mengine. Akizuia "kiatu", neno "viatu" litapita. Sharti aandike yote mawili.

Aangalie pia mahali. Akichagua Jinja na kuacha mambo yalivyo, tangazo laweza kuonyeshwa kwa mtu aliye mbali ambaye ameonyesha tu kuvutiwa na habari za Jinja. Achague watu waliopo mahali hapo.

Wala asishtuke akiona siku moja imetumia hadi shilingi 40,000. Google huruhusu siku moja kufikia maradufu ya kiasi kilichotengwa, ila kwa mwezi haitozi zaidi ya mara 30.4 ya kiasi hicho. Kwa mama wetu, kikomo ni shilingi 608,000. Kama hana fedha hizo, apunguze kiasi cha siku kabla ya kuanza.

Mwisho, kila Jumamosi afungue taarifa ya maneno yaliyotafutwa. Humo ataona mengi ya yale ambayo wateja waliandika, ingawa si yote. Lisilofaa alihamishie katika orodha ya kuzuia. Lililoleta mnunuzi aliongeze katika maneno yake. Pembeni aweke daftari la kawaida, na kila mteja aingiaye dukani aulizwe alipata wapi habari. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hadi juma lijalo, tunawatakia biashara njema.