Waacheni maharusi wakae karibu na kazi

Wazee wa familia moja ninayoifahamu wamekaa kikao na kutoa uamuzi. Kijana wao na mkewe, waliokuwa wamepanga chumba na sebule Magomeni, wamrudishie mwenye nyumba funguo zake na wahamie Chanika kwenye nyumba waliyoanza kuijenga. Bati limeshapigwa na madirisha yana nondo, kwa hiyo yaliyobaki watamalizia wakiwa ndani. Mtoto wao ana miezi mitano. Mama ni mhasibu Posta, na baba anafanya kazi kwenye ghala la vipuri Gerezani. Haukupita muda mrefu baada ya kuhama, mama akaandika barua ya kuacha kazi. Ukoo mzima unawapongeza kwamba sasa wana kwao.

Mimi siwapongezi, na wazee wale siwaungi mkono. Wanandoa wachanga ambao wote wawili wameajiriwa katikati ya jiji wanapaswa kukaa karibu na ajira zao, hata kwa kupanga, mpaka miaka ya kunyonyesha na kulea ipite. Kiwanja wanunue. Wakiwa na uwezo, msingi wachimbe na kuta wapandishe. Kuhamia ni uamuzi mwingine kabisa, na unafanywa kwa pupa inayowagharimu watu ambao kwenye kikao hawakuulizwa.

Jambo hili si la familia moja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, na ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi, na yeyote anayezunguka jiji hili anaona wanakokwenda: Kivule, Chamazi, Goba, Madale, Bunju, na wengine wamevuka mpaka wa mkoa wakaingia Kibaha na Mkuranga. Serikali nayo ilichangia kuwafundisha watu kwamba nyumba maana yake ni kiwanja cha mbali. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima ardhi pembezoni, maeneo kama Bunju, Toangoma na Buyuni. Kupima ardhi lilikuwa jambo jema. Lakini ajira hazikuhamishiwa huko, na kila alfajiri maelfu ya watu wanazifuata mjini.

Hoja za upande wa pili nazifahamu, na zina ukweli wake. Kodi ukishailipa hairudi. Mwenye nyumba wa mjini anataka ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake. Pembezoni kuna hewa, kuna nafasi ya kufuga kuku na kupanda mchicha, na mtoto anacheza bila kugombezwa na wapangaji wenzenu. Ardhi hupanda bei hata pale mshahara unapobaki palepale. Mwenye kwake hawazi notisi.

Wapo pia wanaosema usafiri unakuja. Ni kweli, unakuja, ila taratibu. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Kimara Mei 2016, na watu wa Mbagala wakasubiri zaidi ya miaka minane kabla ya kupata ya kwao. Njia ya Barabara ya Nyerere imepangwa kuishia Gongo la Mboto, wakati Chanika iko mbele zaidi, baada ya Pugu. Mtoto wa miezi mitano hawezi kusubiri ratiba ya ujenzi wa barabara.

Haya yote nayakubali, lakini hakuna hata moja kati yake linalojibu swali ninaloliona kubwa kuliko mengine: gharama ya umbali huo ataibeba nani? Familia hupiga hesabu ya saruji, nondo na bati mpaka senti ya mwisho. Hesabu ya umbali hawaipigi, kwa sababu wanajua kimoyomoyo kwamba atakayeilipa ni mke.

Tuifuate siku yake. Kutoka Chanika hadi Posta ni kilomita zipatazo 30. Mama anaamka saa kumi alfajiri, anakamua maziwa, anamwachia dada wa kazi maelekezo na kutoka gizani kwenda kituoni. Daladala zimejaa, kwa hiyo inambidi ageuze na gari, yaani apande linalokwenda mwisho wa njia ili arudi nalo akiwa amekaa, na nauli ya kugeuza analipa. Jioni anaipita foleni ileile kwa upande wa pili. Anafika nyumbani usiku, mtoto ameshalala. Baba naye anasafiri njia hiyohiyo na anachoka vilevile. Tofauti ni kwamba baba akichelewa, hakuna mtoto anayelia kwa kukosa ziwa lake, na akifika anakuta chakula. Mama akifika, zamu ya pili ndiyo inaanza.

Sasa tuangalie sheria inasema nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Siku 84 hazifiki miezi mitatu. Wataalamu wa afya, Shirika la Afya Duniani likiwa mbele, wanasisitiza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Kwa hiyo mama anarudi kazini wakati mtoto bado anayategemea maziwa hayo kwa kila kitu. Watunga sheria waliliona pengo hili, wakaweka kifungu kinachomtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku.

Saa hizo mbili ndizo zinazoamua hoja hii. Mama anayekaa Magomeni, Ilala au Kigogo anaweza kuzitumia. Anatoka ofisini mchana, anapanda gari, ananyonyesha na kurudi, au anaondoka mapema jioni na kumkuta mtoto yuko macho. Anaweza pia kumwacha mtoto kwa bibi au shangazi jirani na ofisi, akamfikia kwa miguu. Mama wa Chanika hawezi. Saa mbili hazimtoshi hata kufika mlangoni kwake na kurudi ofisini. Sheria imempa haki, na anwani aliyohamishiwa imeifuta, bila mwajiri kukosea chochote wala mahakama kuwa na la kusema. Kinachofuata kinajulikana: maziwa yanapungua, mtoto anaugua, ruhusa zinaombwa kila wiki, bosi ananuna, na barua ya kuacha kazi inaandikwa.

Halafu watu wanasema ameamua mwenyewe. Kauli hiyo imenichosha. Mlimweka kilomita 30 kutoka kazini akiwa na mtoto wa kunyonya, mkamwachia mlango mmoja tu wa kutokea, na alipoutumia mnasema kachagua! Nani kwenye kile kikao alimwambia baba atafute kazi Chanika? Nani aliuliza mshahara wa mama utazibwa na nini? Sheria hiyohiyo inampa baba likizo ya siku zisizopungua tatu mtoto anapozaliwa, na jamii nzima inaona tatu zinamtosha. Tumeshaamua mzigo ni wa nani, na nyumba ya mbali inaukamilisha uamuzi huo.

Hata kwa hesabu ya fedha, ambayo wazee wanaipenda, hoja yao haisimami. Wameokoa kodi na kupoteza mshahara, na kwa wafanyakazi wengi wa ofisini kodi ya chumba na sebule ni sehemu tu ya mshahara wa mwezi. Michango ya NSSF nayo imekatika, wakati pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi isiyopungua 180, sawa na miaka 15. Anayeacha kazi akiwa na umri wa miaka 27 haachi mshahara wa mwaka huo peke yake. Na ile plasta, milango ya vyumba, dari na tangi la maji vilikuwa vinategemea mshahara wa pili. Waliohamia ili wamalizie wakiwa ndani wamejinyima fedha ya kumalizia.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawapendi kulitaja harusini. Viwanja vingi vya pembezoni hununuliwa kwa karatasi iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na jina lililoandikwa ni la mume peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ulikuwa msimamo mkubwa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake. Mwanamke aliyepoteza ajira kwa sababu ya nyumba asilazimike kwenda mahakamani miaka ishirini baadaye kuthibitisha kwamba ilikuwa yake pia. Jina lake liandikwe siku ya kununua.

Wazee wangu, mkitaka kuwasaidia maharusi, mnayo njia. Kamati za harusi zinachangisha mamilioni kwa ajili ya ukumbi, vyakula na mapambo ya usiku mmoja. Sehemu ya michango hiyo ilipe kodi ya mwaka wa kwanza mahali ambapo wote wawili wanaweza kwenda kazini na kurudi mapema. Wenye nyumba wapokee kodi ya mwezi au ya miezi mitatu, kwa sababu mkupuo wa mwaka ndio unaowasukuma vijana kukimbilia mapagale. Serikali nayo ijenge kwenda juu karibu na ajira. Magomeni Kota, iliyozinduliwa Machi 2022 kwa ajili ya familia 644, imeonyesha kwamba inawezekana. Familia 644 katika jiji la watu zaidi ya milioni tano ni mwanzo tu, na mwanzo huo usiachwe ukaishia hapo.

Kwa wanandoa wenyewe, ushauri wangu ni mfupi. Kabla ya kuhama, kaeni wawili, bila wajomba wala mashangazi, mjiulize nani ataacha kazi. Kama jibu ni mmoja wenu, na mnajua atakuwa nani, msihame. Kuta zinaweza kusubiri miaka mitano na zikapigwa plasta baadaye bila hasara kubwa. Mwanamke aliyetoka kwenye ajira akiwa na mtoto mchanga, akataka kurudi baada ya miaka hiyohiyo, atakuta nafasi yake imejazwa, na ataanza upya chini ya watu aliowafundisha kazi.