Gari la kifahari lililotumika: Bei hushuka, gharama hazishuki

Range Rover Sport iliyosajiliwa Uingereza miaka kadhaa iliyopita huuzwa huko leo kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ilipokuwa mpya. Kwa mfanyabiashara wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam aliyelitamani gari hilo kwa miaka mingi, hiyo huonekana kuwa nafasi isiyopaswa kupotea. Akiba ipo, benki iko tayari kuongeza, na wakala wa kuagiza magari ana picha za gari linalong'aa.

Ila bei ya kununua ndiyo sehemu pekee ya gari hilo iliyozeeka. Vipuri vyake, matairi yake na fundi wake bado vina bei ya gari jipya la kifahari. Anayefanya uamuzi kwa kutazama bei ya kununua peke yake amesoma ukurasa wa kwanza wa hesabu ndefu.

Ushuru mmoja, sheria tofauti

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wa forodha, na kiwango cha kawaida kwa magari ya abiria ni asilimia 25. Hapo ndipo umoja unapoishia. Kila nchi imeweka juu yake kodi na masharti yake.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Mwaka 2023 iliomba kuuacha ushuru wa pamoja kwa muda na kutoza asilimia 35 badala ya 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa gari la dizeli lenye injini inayozidi sisi 2500, au la petroli linalozidi sisi 3000, ni asilimia 35. Kisha inafuata VAT ya asilimia 16, pamoja na ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli.

Kodi hizo hazijumlishwi tu. Hupandiana, kwa sababu kila moja hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezewa ile iliyotangulia. Gari la dizeli la lita tatu lililopewa thamani ya forodha ya shilingi milioni moja za Kenya hulipiwa ushuru wa forodha 350,000, ushuru wa bidhaa 472,500 na VAT 291,600. Jumla ni zaidi ya shilingi milioni 1.1, yaani kodi imeipita thamani ya gari lenyewe kabla ya kuhesabu ada ndogondogo.

Jambo jingine linalowashtua wengi ni kwamba thamani hiyo ya forodha si ile iliyo kwenye risiti ya mnunuzi. Mamlaka ya Mapato ya Kenya hutumia orodha ya bei za rejareja za magari yakiwa mapya, kisha hupunguza kulingana na umri. Aliyebahatika kupata bei nzuri ughaibuni hapunguziwi kodi kwa bahati hiyo.

Tanzania imechukua njia nyingine. Haijaweka ukomo wa umri kwa magari ya abiria, lakini hutoza uzee: gari la miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililozidi miaka kumi asilimia 30. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia magari yaliyozidi miaka 15, na yaliyo chini ya hapo lakini makuukuu hutozwa tozo ya mazingira. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, na tangu mwaka 2005 imezuia kuingizwa kwa magari yenye usukani wa kulia.

Tofauti hizi humgusa mnunuzi hata baada ya kununua. Gari lililoingia kwa masharti ya Kenya haliwezi kuuzwa Kigali, na nchi jirani nyingine italitoza kodi zake upya. Bidhaa nyingi sasa huvuka Busia, Namanga na Gatuna kwa wepesi kuliko zamani, lakini soko la gari lililotumika bado limefungwa ndani ya mipaka ya nchi. Mwenye gari la kifahari anapotaka kuliuza, wateja wake ni wale wachache walio nchini mwake.

Umri wa hatari

Sheria ya miaka minane ya Kenya ina lengo jema: kuzuia nchi kuwa jalala la magari chakavu. Kwa gari la kawaida la Kijapani, miaka saba si kitu. Kwa gari la kifahari la Ulaya, huo ndio umri ambao mmiliki wa kwanza au wa pili hutaka kuliachia, kwa sababu dhamana ya mtengenezaji imekwisha na matengenezo makubwa yanakaribia.

Mifuko ya hewa inayobeba gari badala ya springi za chuma ni ya mpira, na mpira huchoka. Ukianza kuvuja, kompresa hulazimika kufanya kazi bila kupumzika hadi nayo ife. Mkanda wa taimingi wa injini ya dizeli unakaribia kubadilishwa, na ukikatika unaweza kuiharibu injini nzima. Oili ya giaboksi, ambayo wauzaji wengi hudai ni ya maisha yote ya gari, inahitaji kubadilishwa kabla gari halijafika mbali. Turbo, vihisio na kompyuta kadhaa zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe huongeza orodha.

Kisha kuna suala la mafuta. Nchi za Jumuiya zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwezi Januari 2015, hatua kubwa kwa afya ya watu wa mijini. Lakini magari mapya ya Ulaya yametengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10. Chujio la masizi kwenye bomba la moshi hujisafisha linapopata joto la safari ndefu. Gari likiishi kwenye foleni za Thika Road au Jinja Road, chujio huziba na taa huwaka kwenye dashibodi. Uchakachuaji nao haujasahaulika: mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, hasa kwa sababu yalikuwa yakichanganywa na dizeli. Injini ya zamani huweza kuvumilia mchanganyiko huo, lakini ile yenye sindano za shinikizo kubwa haivumilii.

Hesabu ya miaka mitatu

Mfano mmoja wa makadirio unatosha kuonyesha uzito wa jambo. Mnunuzi wa Nairobi analipa shilingi milioni 6 kwa gari la dizeli la lita tatu. Nusu ni akiba yake, na nusu ni mkopo wa miaka mitatu kwa riba ya asilimia 15 kwa salio linalopungua. Anaendesha kilomita 15,000 kwa mwaka.

Riba ya mkopo peke yake hufikia takriban shilingi 744,000 kwa miaka hiyo mitatu. Gari likila lita 11 kwa kila kilomita 100, na dizeli ikiwa shilingi 170 kwa lita, kiasi kinachokaribia bei ya Nairobi ya mwaka 2025, mafuta ni shilingi 841,500. Bima kubwa ya asilimia 4 ya thamani inayoshuka kila mwaka ni kama 630,000. Seti moja ya matairi ya rimu kubwa ni 200,000. Sevisi na matengenezo, kwa makadirio ya 400,000 kwa mwaka, ni milioni 1.2. Na gari likiuzwa mwishoni kwa milioni 4, milioni 2 zimeyeyuka.

Jumla ni kama shilingi milioni 5.6 kwa miaka mitatu, karibu sawa na bei ya gari lenyewe. Kwa mwezi ni takriban 156,000, na kwa kila kilomita ni shilingi 125. Hata mtu akipuuza kushuka kwa thamani kwa kuwa hakuoni mfukoni kila mwezi, bado kuna shilingi 100,000 za kutoka kila mwezi, mbali na marejesho ya mtaji wa mkopo.

Katika orodha hiyo, matengenezo ndiyo yasiyotabirika. Mwaka mmoja unaweza kupita kwa oili na vichujio tu. Mwaka unaofuata, injini au giaboksi ikifa, makadirio yote ya miaka mitatu huisha kwa siku moja. Ndiyo maana wengi hawashindwi na gari siku ya kulinunua, bali mwezi wa kumi na nne, limeegeshwa gereji likisubiri kipuri kutoka Dubai au Uingereza huku benki ikiendelea kukata marejesho.

Kwa nini Prado haishuki bei

Hapa ndipo linapoeleweka fumbo la soko la Afrika Mashariki: Toyota Land Cruiser Prado ya umri uleule, isiyo na mvuto wa Range Rover, hushuka thamani polepole zaidi. Wanunuzi hawalipii uzuri. Wanalipia uhakika kwamba spea zitapatikana Kirinyaga Road, Kisekka au Kariakoo, kwamba fundi wa mji mdogo ameshawahi kulifungua gari kama hilo, na kwamba siku ya shida mteja atapatikana. Soko limeshaingiza gharama za kesho ndani ya bei ya leo. Gari la kifahari linaloonekana rahisi limefanyiwa hesabu ileile, na bei yake ya chini ndiyo jibu.

Hili halimaanishi kwamba hakuna anayepaswa kulinunua. Mwenye biashara iliyo imara, anayelipa fedha taslimu, anayeishi karibu na fundi bingwa mwenye mashine ya kusoma hitilafu, na mwenye gari jingine la kumpeleka kazini, anaweza kulifurahia bila kujuta. Kipimo rahisi ni akiba ya pembeni: asiyeweza kutenga angalau robo ya bei ya gari kwa ajili ya matengenezo bado hana uwezo wa kulimiliki, hata kama ana uwezo wa kulinunua.

Kwa anayeendelea, ukaguzi ni kabla ya kulipa. Kumbukumbu za sevisi zilinganishwe na mita ya kilomita, gari likaguliwe na fundi asiyelipwa na muuzaji, na namba ya chesesi ichunguzwe katika nchi lilikotoka. Mwaka 2015 polisi wa Uingereza waliifuatilia Lexus iliyoibwa London hadi Kampala kupitia Oman na Mombasa. Gari la wizi likikamatwa, mnunuzi hubaki na deni bila gari.

Serikali nazo zina la kufanya. Kuoanisha masharti ya umri, ukaguzi wa mita na ubora wa mafuta kungemsaidia mnunuzi wa kawaida kuliko kuongeza kodi kila bajeti. Hadi hapo, mlinzi wa mnunuzi ni hesabu yake mwenyewe, ifanywe kabla ya kuweka sahihi.