Kujitegemea Kuanzie Moyoni

MTUMISHI anayepangiwa kazi katika milima ya Uluguru, iwe Matombo, Kinole, Kolero au Mgeta, mara nyingi hufika na barua mkononi na uchungu moyoni. Barabara huharibika wakati wa masika, jamaa wako mbali, na nyumba nzuri ni chache. Shida hizo si za kubuni. Lakini wako miongoni mwetu waliozigeuza kuwa kinga ya kila kasoro yao.

Mwalimu aliyekataliwa uhamisho huingia darasani na hasira yake, na wanaoilipia ni watoto wasiojua hata barua iliandikwa lini. Karani aliyekosa cheo humalizia kinyongo chake kwa mama aliyeteremka mlimani tangu alfajiri kutafuta hati moja. Jioni wote wawili huenda kilabuni kuzamisha mawazo, na asubuhi mawazo yale yale huwangoja mlangoni. Wakiulizwa hujibu kwamba wakubwa ndio waliowafanya wakawa hivyo.

Milima hiyo ina historia inayotufaa katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Aliyekaidi alitozwa faini. Mahali pengi matuta hayo yalifukua udongo usio na rutuba, na wakulima wakaona jasho lao halizai. Julai 1955 hasira ililipuka Matombo, na mtu mmoja akauawa katika mapambano na polisi. Mpango ule ukavunjika.

Funzo la kwanza tunalijua sote: maendeleo hayaletwi kwa amri. Funzo la pili hatulisemi sana. Amri ya mkoloni ilipoondoka, mvua haikuacha kunyesha, wala udongo haukuacha kuteremka hadi mto Ruvu. Kazi ya kulinda shamba ilibaki kwa mwenye shamba. Kukataa kuonewa ilikuwa haki yake, lakini kukataa peke yake hakukuzuia mmomonyoko.

Ndivyo ulivyo moyo wa mtu. Hakuna waraka wa wizara wala hotuba ya mkuu wa mkoa itakayochimba matuta ndani ya moyo wa mtumishi. Aliyekuonea atajibu kwa uonevu wake. Lakini unachokifanya na uchungu ule, leo na kesho, ni juu yako.

Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zijenge watu wanaojiamini na wenye kufikiri wenyewe. Wengi wetu tuliisoma siasa hiyo kama habari za jembe na shamba la shule. Jembe lilikuwa sehemu moja tu. Mtu asiyeweza kuitawala hasira yake bado hajajitegemea, hata akivuna magunia mia. Naye mwalimu anayewaomba radhi wanafunzi wake kwa ukali usio na sababu, kisha akarudi kwenye vitabu vyake ili ajiendeleze, ameanza kujitegemea kweli.

Tusieleweke vibaya. Kujitegemea si kujitenga. Mtu anayekosa usingizi kwa majuma, asiyeona tena ladha ya chakula wala ya kazi, au anayewaza kujiua, yumkini ni mgonjwa. Wajibu wake ni kumwambia mwenzake anayemwamini na kwenda kwa daktari, kama ambavyo angefanya kwa malaria. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wala wakuu wa kazi wasijifiche nyuma ya maneno haya. Malipo yanayochelewa, nyumba inayovuja na barua isiyojibiwa ni madeni yao. Madeni hayo hayalipwi kwa kumhimiza mtumishi avumilie.

Hata hivyo, kila mtumishi na ajiulize kabla ya kufungua mlango wa ofisi au wa darasa: uchungu niliokuja nao leo nitamtwisha nani? Akiona kwamba atakayeubeba ni mtoto au mwananchi asiyehusika, hana budi autue kwanza. Hiyo ni kazi yake, na hakuna atakayeifanya kwa niaba yake.