Dada, Kompyuta ya Mzee Haijafa! Usikubali Ifomatiwe

Wadau, wiki hii kuna mtangazaji mmoja wa kike, jina kapuni, katupia kwenye ukurasa wake picha ya kompyuta ya marehemu baba yake. Ni zile za boksi kubwa lililogeuka rangi ya njano kwa uzee, kioo chake kina kisogo kama televisheni ya zamani. Mzee alikuwa mhasibu, na jioni akimaliza mahesabu yake alikuwa anacheza Prince of Persia, watoto wamemzunguka wanashangilia.

Dada akataka kuiona tena ile gemu. Mashine ikawaka vizuri tu, lakini alipoiita gemu, kioo kikajibu kwamba memori haitoshi. Akaipeleka kwa fundi. Fundi kasema RAM imekufa, dawa ni kufomati diski waweke kitu kingine, au aitupe tu asijipe shida. Dada akauliza mashabiki: nifanyeje?

Jamani, majibu yalikuwa ni tupa, tupa, tupa. Staa mmoja wa kiume, naye jina kapuni, akaongezea kwamba kuhangaika na dude kama lile ni dalili ya kukosa hela ya PlayStation. Watu wakacheka.

Mimi sijacheka. Nasema hivi: mashine ile haijafa, fundi kakurupuka, na akiifomati atafuta kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Tuanze na hiyo memori. Kompyuta za DOS zina tabia yake. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981, programu zilitengewa kilobaiti 640 za mwanzo, na sehemu iliyobaki mpaka kufika megabaiti moja ikawekwa kwa ajili ya kioo na mambo ya ndani ya mashine. Utaratibu huo ukabaki miaka yote ya DOS. Kwa hiyo mashine inaweza kuwa na megabaiti 8, zote nzima, na gemu bado ikalalamika memori haitoshi. Inachokitafuta ni nafasi ndani ya zile 640. Na nani kazimaliza? Mara nyingi ni vidude vinavyojipakia mashine ikiwaka: draiva ya kipanya, draiva ya CD, na vingine ambavyo mzee aliviweka kwa ajili ya kazi zake. Ni sawa na daladala ambayo viti vimejaa mizigo, halafu konda anasema gari limeharibika kwa sababu abiria hawana pa kukaa. Gari zima, shusha mizigo!

Na kushusha mizigo si kazi ya kutisha. Andika MEM /C, mashine itakuorodheshea nani kakaa wapi na kachukua kiasi gani. Kama ni MS-DOS 6, iliyotoka mwaka 1993, iwashe upya, na yale maneno ya kuanza kwa MS-DOS yakitokea bonyeza F5. Itawaka bila kupakia chochote kati ya hivyo. Prince of Persia inachezwa kwa kibodi, haihitaji kipanya wala CD. Ukiona gemu imekubali, basi ujue RAM haikufa, na hela ya RAM mpya ungepigwa mchana kweupe.

Huu ndio ugomvi wangu na akina fundi maiko. Mashine hizi zinasema zenyewe zinaumwa nini, ila mtu hasomi kioo, anakimbilia kufomati. Mifano ipo mingi. Gemu ikigoma kutoa sauti, au sauti ikakwama inajirudia kama CD iliyochubuka, watasema kadi ya sauti imekufa. Kumbe gemu imeambiwa kadi iko kwenye IRQ 7 wakati iko 5. Unafungua programu ya kupangia gemu, unarekebisha namba, umemaliza. Gemu nyingine, kama Wing Commander ya mwaka 1990, ukiiweka kwenye mashine ya miaka ya baadaye inakimbia kama imefukuzwa na nyuki. Hapo kilichozidi ni kasi ya mashine, kwa sababu gemu ilitengenezwa kwa kompyuta za polepole. Ndiyo maana maboksi mengi ya zamani yana kitufe cha Turbo. Ukikizima, mashine inapunguza mwendo.

Na kubwa zaidi ni betri. Ndani kuna betri inayoifanya mashine ikumbuke saa na aina ya diski yake. Ikiisha, mashine inasahau kama ina diski! Fundi atakwambia diski imekufa, wakati kinachotakiwa ni kuingia kwenye mpangilio na kuandika upya namba za silinda, vichwa na sekta, ambazo mara nyingi zimeandikwa kwenye lebo ya diski yenyewe. Kwenye 386 na 486 nyingi betri hiyo imechomelewa kwenye bodi, na ikizeeka inavuja maji yanayokula njia za shaba. Hapa ndipo mashine inapoweza kufa kweli, na inakufa ikiwa imekaa kabatini kimya kimya.

Sasa najua kuna mtu anataka kunijibu: ya nini yote hayo, si apakue DOSBox? Kweli kabisa, kama shida ni kucheza tu, nenda na DOSBox. Ipo tangu mwaka 2002, ni ya bure, na inaigiza kompyuta ya DOS ndani ya laptopu yako. Mwaka 2015 Internet Archive iliweka gemu zaidi ya 2,000 za DOS ambazo unazicheza humo humo mtandaoni. Sina ugomvi na hilo.

Lakini Prince ya mtandaoni haina baba yake huyu dada. Gemu ile inakupa dakika 60 kumwokoa binti mfalme. Ukifanikiwa, unaandika jina lako kwenye orodha ya washindi pamoja na muda uliokubakia, na orodha hiyo inakaa kwenye faili dogo mno linaloitwa PRINCE.HOF. Kama mzee aliwahi kumaliza, jina lake limo humo, aliloliandika kwa vidole vyake. Ukiongeza barua na mahesabu yake kwenye diski hiyo hiyo, unamwambiaje mtu afomati?

Na msidhani ni hisia za Kiswahili tu hizi. Aliyeitengeneza Prince of Persia, Mmarekani Jordan Mechner, aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 kwenye Apple II, na muziki wake ulitungwa na baba yake mzazi. Baadaye msimbo wa gemu hiyo haukujulikana ulipo kwa miaka mingi. Mwaka 2012 baba yake akamtumia boksi la vitu vya zamani lililokuwa limekaa kabatini, na flopi zenye msimbo zikawa humo. Wakatafutwa wataalamu wenye vifaa vya kizamani, zikasomwa, leo msimbo huo uko wazi kwa dunia nzima. Fikiria mtu angepita na kusema flopi hizi takataka, tupa.

Kwa hiyo dada, kama unapita hapa, kaichukue mashine yako leo. Kabla hujaichomeka popote, angalia nyuma kama kuna kiswichi cha umeme cha 115 na 230. Umeme wetu ni 230, na kikiwa kwenye 115 utasikia mlio mmoja tu na harufu. Ukiiwasha, usianze na gemu. Nakili kwanza faili za mzee, hata kwa flopi moja moja za megabaiti 1.44, au mpe mtu anayezijua diski za miaka ile, maana si kila adapta ya USB inaelewana nazo. Ukishakuwa na nakala mbili, muombe huyo mtu aichunguze betri na kuitoa kama imeanza kuvuja. Hayo yakiisha ndio ubonyeze F5 umuite huyo Prince.

Na wewe staa wa PlayStation, siku moja mwanao atataka kuona ulichokuwa unakicheza wewe. Omba asikutane na fundi kama huyu.

Wadau, nani ana mashine ya mzazi imekaa stoo inapigwa vumbi? Ina nini ndani? Tupia hapo chini, na kama unamfahamu fundi anayesoma kioo kabla ya kufomati, mtaje eneo lake watu wamfuate.